Mfuko wa Kwenye Friza

Kazi ya Profesa ilikuwa samaki wadogo: wale wanaonasa kwenye vidimbwi vya miambani maji yakitoka, na wale wanaojifukia mchangani. Aliwatambua kwa mapezi, madoa na meno. Friza ya kituo cha utafiti ilikuwa imekufa na bosi "analifuatilia", kwa hiyo alikuwa akiwahifadhi kwenye friza ya nyumbani, ndani ya mfuko chini ya barafu za mama. Jina la Profesa alipewa na baba kwa utani tu, maana hakuwa profesa wa chochote.

Mchana ule alimkuta baba mezani, anajifuta midomo.

"Profesa, leo samaki wako wamepata kazi ya maana. Mama yako kawakaanga, halafu kawaogopa. Nimewamaliza mwenyewe."

Profesa aliwahi kuwaambia mfuko ule usiguswe. Alisema mara moja, akadhani imetosha. Sasa alivuta sahani, akapekua miiba kwa uma mpaka akaviona vitaya viwili, meno manne yameungana mithili ya mdomo wa kasuku. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Hakuwahi kumtambua samaki upesi hivyo.

"Baba, midomo ikoje?"

"Ina ganzi kidogo. Pilipili ya mama yako hiyo."

Walipofika hospitali baba alikuwa hawezi kuinua hata kidole. Mashine ya kupumulia ilikuwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo muuguzi aliminya mfuko wa hewa kwa mkono. Daktari akamvuta Profesa pembeni: sumu hii haina dawa, ni kumpumulia na kungoja mwili uishinde, kama utaishinda. Na wachunge maneno, kwani mgonjwa hawezi kufumbua jicho lakini anasikia yote. Profesa alikuwa anayajua yote hayo tangu kwenye sahani, na kuyajua hakukumfaa kitu.

Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, kiganja juu ya kifua cha mumewe.

"Mwanangu, wewe ndiye unayewajua hawa samaki. Dawa yake ipo?"

Profesa akamtazama baba. Sikio lake lilikuwa pale pale, karibu na mkono wa mama.

"Ipo, mama. Wanaiandaa."

"Alhamdulillahi. Umesikia, baba watoto? Inakuja."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda kusimama mlangoni kuisubiri.