Mzee Joram Akanusha Kifo Chake

Taarifa ya saa saba katika Redio Mbuta, pale Mamboleo, ilikuwa na desturi yake. Kabla ya bei ya samaki, kabla ya ajali, kabla hata ya hali ya hewa, ilipigwa tarumbeta fupi, kisha mtangazaji, Selpha, akasoma chochote alichoandika Mheshimiwa Griffins mtandaoni asubuhi hiyo. Mheshimiwa akiandika kwamba barabara imekamilika, Selpha alisoma kwamba barabara imekamilika. Akiandika kwamba amekunywa uji, wasikilizaji wote wa kando ya ziwa waliarifiwa kuhusu uji. Siku moja aliandika herufi zisizo na maana yoyote, nadhani aliikalia simu, na kituo kikamwalika mhadhiri azichambue. Mhadhiri alizichambua kipindi kizima, akasema ni onyo kali kwa wapinzani.

Mambo haya yalikuwa yamemfika Selpha kooni. Sauti yake iliaminiwa kuanzia Otonglo hadi Kombewa, watu walirekebisha saa za ukutani kwa kumsikiliza yeye, naye aliipenda sana imani hiyo wala hakuificha. Alimwomba mkuu wake, Bwana Njenga, wawe wanampigia simu angalau mtu mmoja kabla ya kusoma posti. Njenga alikuwa amekuja Kisumu kuuza magodoro, na redio aliiendesha vilevile, mradi rafu zisibaki tupu.

"Selpha, Mheshimiwa akisema kitu, ile kusema ndiyo habari," alimjibu. "Sisi tunasema amesema. Kama ni uongo, uongo ni wake."

Basi asubuhi moja ikaja posti hii: "Nimehuzunishwa mno na kifo cha Mzee Joram Oyugi wa Kombewa, fundi mashuhuri wa mashua na rafiki yangu mkubwa. Nilikuwa naye hadi dakika ya mwisho."

Lazima ujue kwamba wanasiasa wa huku hushindana kwa rambirambi. Anayetangulia kuomboleza ndiye anayetangulia kupewa kipaza sauti matangani, na siku za karibuni Mheshimiwa Griffins alikuwa ametanguliwa mara nyingi na mpinzani wake. Safari hii hakutaka mchezo. Mtu alimnong'oneza kwamba Mzee Joram amepelekwa hospitali, naye akamalizia mwenyewe yaliyobaki.

Selpha alishika simu atafute mtu wa kumuuliza, lakini saa saba ilikuwa imefika na Njenga alikuwa nyuma ya kioo akimpungia mkono aanze. Tarumbeta ikalia. Akasoma. Tena alisoma vizuri, kwa ile sauti yake ya chini ya misiba, kisha akaenda kula ugali na omena.

Siku iliyofuata, mzee mrefu aliingia ofisini bila kubisha. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, na suti yake nyeusi ilikuwa mpya kabisa, karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono.

"Selpha ni nani hapa?"

"Ni mimi, Mzee. Karibu. Nikusaidie aje?"

"Mimi ni Joram Oyugi. Jana umeniua."

Selpha alisimama upesi. Akamvutia mzee kiti, akamletea chai, akamwomba aeleze.

"Nilienda hospitali ya Kombewa kung'olewa jino," Mzee Joram akasema, akinywea upande wa shavu zima. "Daktari akaona hii uvimbe, akasema nilale huko kwanza. Simu ikazima. Nikirudi nyumbani jana jioni, naona hema. Viti. Kwaya. Vijana wanakimbiza ng'ombe huku na huku kufukuza kifo, vile tunafanyia mzee wa maana. Nikasema yawa, nani huyu ametuacha? Nikaketi nikalia na wengine. Nililia sana hata. Halafu nikauliza jirani, kwani ni nani amekufa? Akaniangalia, akaanguka na kiti."

Selpha aliuma mdomo asicheke, maana kucheka hapo kungekuwa ufedhuli.

"Na mama je?"

Uso wa mzee ukabadilika. "Mke wangu Ajwang alifunga mlango. Nikamwambia ni mimi. Akasema Joram amekufa, Selpha amesema kwa redio, na Selpha hawezi danganya. Nikamwambia nishike mkono. Akasema yeye hashiki mkono ya marehemu. Nimelala kwa hema na kwaya, nyathina, mwanangu, wakiniimbia. Nguo zangu zote ziko ndani, hii suti vijana yangu walinunua ya kunizika." Aliweka kikombe chini. "Mimi sitaki mambo mingi. Saa saba, sauti ile ile, useme niko. Nirudi kwa bibi yangu."

Selpha alikwenda mbio kumwita Njenga. Njenga alikuja, akamwangalia mzee mbele na nyuma, akamshika mkono.

"Kweli ako na joto," akakiri. Kisha akakuna kidevu. "Shida ni kwamba sasa tuko na pande mbili. Mheshimiwa anasema amekufa. Mzee anasema yuko hai. Redio haiegemei upande. Andika hivi: Mzee Joram akanusha kifo chake."

"Bwana Njenga, umemshika mkono!"

"Mimi si daktari."

"Nikanushe aje?" Mzee Joram akauliza. "Kwani nimeshtakiwa?"

Ili pande zote zitendewe haki, Njenga alimpigia msemaji wa Mheshimiwa na kuweka simu mezani wote wasikie. Msemaji alisema Mheshimiwa habadilishi hata neno moja. Selpha akamwambia mzee mwenyewe yupo hapa, anakunywa chai. Msemaji akataka kujua chai hiyo mzee amenunuliwa na nani, na kama si mpinzani. Kabla chai yenyewe haijapoa, posti nyingine ikatoka, na Njenga akaisoma kwa sauti: "Kuna watu wanaotumia kifo cha Mzee Joram kujitafutia umaarufu. Waiache familia iomboleze kwa amani."

Mzee Joram aliinua uso. "Hao watu, ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee," Selpha akasema.

"Hii ni moto!" Njenga akasema, akaondoka kumtafuta yule mhadhiri.

Selpha alimtazama yule mzee aliyevaa sanda ya dukani, akiwa na adabu zote, anangoja kuambiwa na redio kama yu hai. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Hakumlaumu Griffins, maana Griffins ni Griffins. Alijilaumu yeye. Posti peke yake Ajwang asingeijua kabisa, hana hata simu ya mtandao. Aliyekwenda mpaka sebuleni kwake akamwambia mumeo amekufa alikuwa Selpha.

"Twende, Mzee," akasema. Akamwingiza studio, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa. Saa saba ilipogonga hakupiga tarumbeta.

"Mzee Joram Oyugi wa Kombewa yu hai," akasema. "Yuko hapa mbele yangu. Jana niliwasomea kwamba amekufa. Mheshimiwa Griffins ndiye aliyeandika hivyo, lakini mimi ndiye niliyewaambia, na sikumuuliza mtu yeyote. Nisameheni. Mzee, wasalimie."

"Hamjambo," Mzee Joram akasema kwenye kipaza sauti, akikipigia kelele kana kwamba kimesimama ng'ambo ya ziwa. "Hiyo kwaya iende nyumbani sasa. Asanteni. Ile wimbo ya pili hamkuijua vizuri."

Nyuma ya kioo Njenga alitokea akihema. Alijaribu mlango, ukakataa. Basi akabandika simu yake, yenye posti mpya, kwenye kioo na kuigonga kwa kidole, soma, soma! Selpha alikuwa amegeuza kichwa, ila Mzee Joram, mtu wa heshima, alidhani anayeombwa kusoma ni yeye. Akainama karibu na kioo, akasoma neno kwa neno, na redio nzima ikamsikia.

"'Nashukuru Mungu kwa kuyasikia maombi yangu. Nilipomshika Mzee Joram mkono, alifumbua macho. Huu ndio uongozi wa vitendo.'" Mzee akanyooka. "Huyu alinishika wapi? Mimi nilikuwa hospitali nimefungua mdomo. Nimeona daktari, nimeona sista, nimeona jino yangu. Yeye sikumwona."

Njenga aliishusha simu polepole. Hilo halikuwa na upande wa pili.

Simu ya wasikilizaji ikawaka. Selpha akaipokea hewani, na sauti ya mwanamke, iliyokwaruzika kwa kulia, ikajaa studio.

"Mimi ni Ajwang. Mama mtangazaji, huyo mtu umemwona na macho yako?"

"Nimemwona, mama. Niko naye hapa."

"Amevimba shavu gani?"

"La kushoto."

Mzee Joram alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Ni yeye," Ajwang akasema. "Na jana, ukisema amekufa, wewe ulikuwa umeona nini?"

Njenga alikuwa akitikisa kichwa nyuma ya kioo, usijibu. Majibu yalikuwepo, tena mengi, na yote Selpha alikuwa amefundishwa na Njenga mwenyewe.

"Niliona simu, mama."

"Simu," Ajwang akasema. Wakamsikia akivuta kamasi. "Nimelilia simu mpaka sauti imekwisha. Joram, kuja nyumbani. Mlango nimefungua."