Makutano ya Ghorofa ya Pili

Mfasiri alikuwa anamenya chungwa juu ya gazeti wakati shangazi yake, aliyekuwa akimsomea kwa sauti rasimu yake ya tafsiri ya Biblia, alipofika kwenye neno makutano. Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mwenye ndoo tupu na tundu dogo kwenye blauzi, chini ya kola. Akasimama kando ya kabati. Shangazi akamsogezea kiti, akaendelea kusoma.

Neno liliporudi, wakaingia wawili. Kufikia sura iliyofuata walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi.

“Ni wale wa njia panda,” shangazi alisema. “Waliokwenda kudai maji.”

Mfasiri alikuwa mdogo siku ile, lakini alijua. Askari walipiga risasi, malori yakabeba maiti, na jioni redio ikatangaza kwamba pale hapakuwa na mkusanyiko wowote. Tangazo hilo halikuwahi kufutwa.

Sasa kamati ya tafsiri ilitaka liwekwe neno umati. Vijana, ilisema, wakisikia makutano wanafikiria barabara.

“Kwa Kigiriki neno hilo ni watu wa kawaida, wasio na cheo,” mfasiri alimweleza shangazi. “Wazee wetu waliotafsiri kwanza wakaliita makutano, kutokana na kukutana. Umati ni wingi tu. Hawa wamekutana. Hebu soma umati, tusikie.”

Akasoma umati. Waliokuwemo wakaanza kufifia kuanzia miguuni. Shangazi akarudi upesi kwenye makutano, miguu ikaonekana tena.

“Usilibadilishe, mwanangu,” alisema bila kuinua macho. “Mume wangu hajafika bado.”

Akasoma mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mume wake akaingia, kiatu kimoja mguuni, kijana kuliko mkewe alivyokuwa sasa.

“Umechelewa,” shangazi alimwambia.

“Watu walikuwa wengi.”

Shangazi akampisha kwenye benchi. Mfasiri akamgawia nusu ya chungwa. Mume hakulila, ila alilishika.

Mfasiri alipoiomba, kamati ilikubali neno libaki. Katibu wake alipokuja kuchukua rasimu, alipanda ngazi akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga.

“Tuiandikie serikali basi,” mfasiri alimwomba. “Tuseme watu walikuwepo.”

Katibu alikitazama chumba, kisha dirishani, barabara ilikokuwa imeziba kwa waliokosa nafasi.

“Hilo si suala la lugha,” alisema. Akaikumbatia rasimu kifuani, akaomba njia.

Wakampisha.