Profesa Gharib Amekubali

Profesa Gharib alianguka kwenye soko la Zhanxi, Guangzhou, katikati ya mikokoteni ya viatu, mdomo umekwenda upande. Alipofumbua macho yuko hospitali. Anasikia kila kitu, ila ulimi hautii, mikono haitii. Maskini, mtu aliyeishi kwa kusema!

Miaka yote chuoni Dar alishikilia jambo moja: Serikali ya Muungano ifanye yale tu iliyoandikiwa kwenye katiba, isizidishe hata nukta. Kwa ubishi huo vyeo vilipita mlangoni kwake vikaingia kwa majirani. Alipostaafu akaja huku China kuwaandikia wafanyabiashara mikataba. Jumuiya ya Watanzania ikamwomba katiba, akawapa fupi na kali: uongozi usiamue lolote juu ya mwili wa mwanachama bila idhini yake mwenyewe.

Sasa damu imevujia kichwani, na daktari anataka mtu wa kutia saini ili fuvu lifunguliwe. Mke hana, mtoto hana. Alioa vitabu, na vitabu havishiki kalamu.

"Mwenyekiti, saini basi!" Dullah, mwanachama mwenzake, alimhimiza Benedicta, mkuu wa jumuiya.

"Kwa katiba ipi? Mzee huyuhuyu aliniita dikteta mbele za watu, kisa nilimpeleka mwanachama wetu Edina kliniki kwa nguvu."

"Atakufa, dada!"

"Atakufa kikatiba."

Saini, mwanamke wee! Gharib alipiga kelele ndani kwa ndani. Hakuna aliyesikia.

Benedicta akainama, machozi yakimdondokea mzee kifuani. Akamtia kidole kiganjani. "Shikamoo, Profesa. Kama unakubali, nibane."

Gharib akajikusanya mzimamzima. Kiganja kikalala kama kitambaa cha jikoni.

Benedicta akangoja, akangoja. Kisha akainuka. "Amebana."

"Kweli umehisi?"

"Dullah, lete kalamu."

Ndicho alichokipinga maisha yake yote: watawala kutangaza kuwa wananchi wamekubali, na wananchi kimya. Akasukumwa chumba cha upasuaji akiwa na furaha ya mwizi aliyeachiwa.

Uhai ulirudi. Ulimi na mikono, la.

Wiki zikapita, jumuiya ikakaa kikao bila yeye. Ikaamua arudishwe Unguja, kwa mpwa wake Pandu, asiyemjulia hali hata sikukuu, vitabu vigawiwe. Benedicta akaja na wenzake na uji, akamfuta kidevu, akamtia kidole kiganjani palepale.

"Profesa, unakubali?"

Sikubali! Gharib aliupigania mkono huo mpaka jasho likamtoka. Mkono ukalala.

Benedicta akawageukia wenzake, kwa upole kabisa.

"Amekubali."