Kifua cha Kuazima

Bati la mashine lilikuwa baridi, na Nanyama alikuwa amelikumbatia kifua wazi kama mtu anayemuaga ndugu yake. Nyuma ya kioo alisimama Kipyegon, kijana wa eksirei, macho yake kwenye simu.

"Vuta pumzi. Shika hapo."

Nanyama akashika. Hakuhitaji tena kuelekezwa pa kuweka kidevu wala namna ya kusukuma mabega mbele. Kitu kikalia ndani ya mashine, kikanyamaza.

"Toa. Vaa."

Alipokuwa akifunga vifungo vya blauzi, Kipyegon alimpitishia kijiti cha pamba puani mpaka machozi yakamtoka.

"Hii ndiyo ya mwisho?" Nanyama aliuliza.

"Mimi napima tu, mama. Hiyo uliza ofisini."

Ofisi ilikuwa juu ya chumba hicho hicho, katika jengo lililo nyuma ya soko la Kitale. Mlangoni pake ilibandikwa picha ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko nyumba yoyote ya mji ule, na chini yake maandishi ya buluu: Bahari Pana Ajira. Mwenyewe aliitwa Wakoli, mtu wa Bungoma, aliyesema kwamba naye aliwahi kuvaa sare nyeupe baharini kabla ya kurudi kuwasaidia watu wake. Nanyama, ambaye maisha yake yote alikuwa akifua nguo za watu mtaa wa Milimani na kurudi kwenye mabanda ya Kipsongo na vidole vilivyokunjamana, alisikia kwamba melini wanatafuta wanawake wa kufua mashuka. Aliona hiyo ndiyo kazi ya kwanza duniani iliyowahi kutangazwa kwa ajili yake. Aliuza cherehani aliyoachiwa na mama yake, akalipa ada ya kuandikishwa, akawaambia majirani na binti yake kwamba anasafiri.

Majirani walikuwa wameacha kumuuliza lini. Kila alipodhani safari imefika, sheria ilikuwa imebadilika. Cheti cha pua, cha kuonyesha hana korona, kilichokubalika kwa siku tatu kilikataliwa, kikatakiwa cha jana. Kisha picha ya kifua ikawa imezeeka, ikatakiwa mpya. Picha mpya ilipopigwa, cha pua nacho kikawa kimepitwa. Nanyama alishuka kwa Kipyegon, akatoa pua, akatoa kifua, akarudi Kipsongo kungoja simu. Watu waliojiandikisha nyuma yake waliitwa, wakapiga picha na masanduku yao mlangoni, wakaenda. Yeye aliambiwa avumilie.

Siku ile alipopanda kutoka kwa Kipyegon, alikuta chumba cha kungojea kimejaa, na runinga ya ukutani ikitoa habari za meli. Msichana mmoja aitwaye Mary Ann, aliyekuwa amekaa karibu na runinga, aliongeza sauti. Mtangazaji alisema kwamba kampuni za meli za watalii zinaondoa masharti ya kupima, na kwamba wengi wa abiria sasa wataingia melini bila cheti chochote. Chumba kizima kilipiga makofi. Mtu akasema Mungu amekumbuka.

Wakoli alitoka ofisini, akazima runinga.

"Msipige makofi," alisema kwa upole. "Hiyo ni ya abiria. Nyinyi ni wafanyakazi."

"Si ni meli moja, bosi?" Mary Ann akauliza.

"Ni meli moja, lakini si mlango mmoja. Abiria amelipa, hataki kusumbuliwa pua yake. Sasa akiingia na ugonjwa, nani ataulizwa? Si yule aliyemtandikia kitanda? Kwa hivyo kampuni inataka nyinyi muwe wasafi zaidi ya hapo awali. Vipimo vinaongezeka."

"Yaani wao wakiacha kupimwa," Nanyama alisema, "sisi ndio tunapimwa kwa niaba yao."

Watu wachache walicheka. Wakoli alimtazama, akatabasamu kama mwalimu aliyesikia jibu la mtoto mtukutu.

"Dada, mimi sikutunga sheria. Anayetaka usawa abaki Kipsongo, huko wote ni sawa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nanyama aliketi, akayameza maneno yale kama alivyozoea kumeza mengine.

Wiki iliyofuata akaitwa tena. Sheria, aliambiwa kwenye simu, imebadilika. Alipofika alikuta benchi limebaki na nafasi moja tu, kando ya mama wa makamo aliyenyoa nywele zote, akafunga kitambaa cheusi. Mama huyo alikuwa amepakata bahasha kubwa ya kaki. Jina lake Edinah, alisema, ametoka Kamukuywa na gari la asubuhi.

"Na wewe unaenda meli, mayi?" Nanyama alimuuliza kwa sababu hakujua aseme nini, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mimi hapana. Ni kijana yangu alienda. Wamalwa. Walimuandikisha hapa hapa."

"Yuko salama?"

"Tumemzika."

Nanyama alisema pole. Mama Edinah akaitikia, kisha akasimulia bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Wamalwa alikuwa akikohoa tangu msimu wa kuvuna mahindi. Alipokuja Kitale kupimwa, aliambiwa yuko sawa kabisa, ni vumbi la mahindi tu. Akaenda. Wakamweka jikoni, chini kabisa ya meli, mahali pasipo na dirisha. Alipoanza kutema damu walimfungia chumba cha peke yake, na bandari iliyofuata wakamshusha kama mzigo uliooza. Alirejeshwa kwa ndege. Katika wodi ya Bungoma daktari alisema ni kifua kikuu cha muda mrefu, kimekula pafu moja na sehemu ya lingine.

"Nikamwambia daktari, haiwezi kuwa. Huyu alipimwa. Picha ndiyo hii, alirudi nayo kwa sanduku. Daktari akaiangalia kwa mwangaza. Akaniuliza, mama, una hakika ni ya kijana yako? Hii picha ni ya mwanamke."

"Ya mwanamke?"

"Akanionyesha. Matiti yanaonekana kama kivuli. Tena akasema huyo mwanamke aliwahi kuvunjwa ubavu upande wa kushoto, ukaunga vibaya."

Mkono wa Nanyama ulikuwa tayari umeingia chini ya kwapa. Ulikuwa pale, ule ubavu, na kile kifundo chake ambacho hata leo kilimkatalia kulalia upande huo. Aliupata zamani, alipokuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kwenye stendi, siku askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walipomwaga sufuria yake naye akaing'ang'ania. Rungu lilitua mara moja tu.

"Nipe niione," alisema.

Akaichukua ile picha, akasimama dirishani, akaiinua juu. Katikati ya mbavu nyeupe zilizopangika vizuri, mmoja ulikuwa umepinda kama kidole cha mzee. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa jina la Wamalwa.

Alijiona mwenyewe, akining'inia mbele ya jua la Kitale, akiitwa jina la mwanaume aliyekufa.

"Mayi," alisema, "twende ndani."

Hawakubisha hodi. Wakoli alikuwa na mteja; aliwaona, akamtoa mteja haraka, akafunga mlango mwenyewe. Hapo Nanyama akajua kwamba Wakoli alimtambua yule mama kabla hata hajatajwa.

"Poleni na msiba," Wakoli alisema. "Nilitaka kuja matanga, kazi ikanibana."

"Sikuja kwa ajili ya pole," Mama Edinah alisema. "Nimekuja na swali moja. Mlijua?"

"Mama, haya mambo ya hospitali ni magumu."

"Mlipompima, picha yake ilisema nini?"

Wakoli alikaa. Akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Ilikuwa na madoa. Kidogo. Kampuni inakataa hata doa la zamani lililopona. Nikamhurumia. Kijana ameuza ng'ombe, anategemewa na nyumba nzima, nimwambie arudi akalime? Nilimsaidia."

"Ungemwambia," Mama Edinah alisema. Sauti yake haikupanda. "Ungemwambia tu. Dawa ya TB ni bure. Iko pale kwa zahanati yetu Kamukuywa, wanapeana bure kila siku. Angekunywa, apone, halafu aende kwa hiyo meli yako. Ulimnyima kitu cha bure."

Wakoli alimgeukia Nanyama.

"Na wewe umemleta?"

"Amejileta. Mimi nimekuja kuulizia kifua changu. Umekipeleka wapi na wapi?"

"Dada Nanyama."

"Kila ukinipigia simu kwamba sheria imebadilika, ni mtu mwingine alikuwa anasafiri na mimi. Pua yangu, kifua changu. Ndiyo maana siendi. Ukinipeleka, hawa wengine utawapima na nani?"

Wakoli aliegemea kiti. Alipozungumza tena, sauti ya upole ilikuwa imekwisha, na ile iliyobaki ilikuwa sauti ya biashara.

"Sikia. Una kifua kizuri. Kinapita kila mahali, hata huo ubavu hawaujali. Ningekwambia mapema ningekulipa, hiyo ni makosa yangu. Sasa tuirekebishe. Kuna meli inachukua watu wa dobi. Jina lako naweka leo, Ijumaa uko kwa ndege. Binti yako si amekaa nyumbani kwa kukosa karo? Mwezi wa kwanza tu anarudi shule. Huyu mama nitamsaidia na gharama za mazishi. Lakini hiyo picha ibaki hapa."

Chini, kupitia sakafu, ilisikika sauti ya Kipyegon ikimwambia mtu avute pumzi.

Nanyama alimfikiria binti yake. Alimfikiria kwa kweli, si kwa kupita; akaona sare iliyokunjwa chini ya godoro, na jinsi mtoto yule alivyokuwa akizunguka kwa njia ya nyuma asikutane na wenzake wakitoka shule. Kisha akamtazama Mama Edinah, ambaye hakuwa akimtazama yeye wala kumwomba chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa, akinyoosha pembe ya bahasha iliyokunjika.

"Hiyo safari," Nanyama alisema, "ungenipa mwaka jana ningekushukuru mpaka kaburini."

Akachukua picha, akafungua mlango, akarudi kwenye chumba cha kungojea.

Watu walikuwa wengi kuliko asubuhi. Alisimama mbele ya dirisha, akaiinua picha ili mwangaza upite.

"Mnaiona? Hii imeandikwa Wamalwa. Wamalwa alikuwa mgonjwa, hakuambiwa, akafa. Mama yake ni huyu. Lakini mbavu hizi ni zangu mimi, Nanyama wa Kipsongo. Huu hapa ulivunjwa na kanjo." Akainua blauzi mpaka kwenye ubavu, mbele ya wanaume na wanawake, akaweka kidole juu ya kile kifundo. "Kila mmoja wenu aliyeambiwa yuko sawa, aende chini adai picha yake. Aitazame. Kama haina ubavu huu, hewala. Kama inao, hujapimwa wewe. Nimepimwa mimi."

Hakuna aliyeinuka. Mwanaume mmoja aliyekuwa akikohoa alijizuia, akaziba mdomo kwa ngumi. Wengine walitazama viatu vyao.

"Mama," Mary Ann alisema hatimaye, taratibu, karibu kwa kusihi, "sisi tumeshalipa. Wakifunga hii ofisi nani atatupeleka?"

"Kukupeleka wapi?"

"Popote, bana."

Wakoli alikuwa mlangoni, simu sikioni. Polisi hawakukawia, kituo hakikuwa mbali, na walimjua kwa jina. Afisa aliyeongoza alisikiliza upande wa Wakoli akiwa amesimama karibu naye, kisha akamwita Nanyama.

"Unakubali hii picha ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ilitumiwa na mtu mwingine?"

"Ilitumiwa na huyu," akamnyooshea Wakoli kidole.

"Jina lililoandikwa ni Wamalwa. Wewe ndiye ulisimama mbele ya mashine ukijua wewe si Wamalwa. Hiyo inaitwa kujifanya mtu mwingine."

"Na yeye aliyeandika hilo jina inaitwa nini?"

"Usinifundishe kazi."

"Andika basi," Nanyama alisema. "Andika kwa herufi kubwa kwamba ubavu ni wangu. Lakini usiandike kwamba nilijua, maana hapo sitaweka alama ya kidole changu hata mkiuvunja na huu mwingine."

Afisa aliwaangalia wale waliokuwa kwenye mabenchi, kana kwamba anatafuta shahidi. Wote walikuwa na la kutazama mahali pengine. Akamshika Nanyama mkono. Nanyama akautoa, akasema anajua kutembea, akashuka ngazi mbele yao akiwa amenyoosha shingo. Ile picha askari mwingine aliikunja mara mbili, akaitia kwapani.

Walimpandisha nyuma ya gari la polisi, chini barabarani, mkabala na mlango wa jengo. Kutoka hapo aliona kwamba Mama Edinah naye ameshuka, lakini hakuondoka. Alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuufunga mlango wote, bahasha tupu mapajani.

"Mama, toka njiani," karani wa Wakoli alimwambia. "Hii njia ni ya wasafiri."

"Nami nangoja msafiri wangu," alijibu.

Karani alisita. Akatazama polisi, nao walikuwa wakiwasha gari. Akatazama juu, ambako Wakoli alikuwa ameanza kuita majina. Mwishowe akawapungia mkono waliokuwa wamepanga foleni nje, wapite.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye sanduku jipya. Alisimama mbele ya yule mama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani, mama," alisema. "Pole sana."

Akainua mguu, akairuka miguu ya mama, akapanda ngazi. Aliyemfuata naye akasema pole. Na aliyemfuata huyo.