Taa Haikuzimika

Wachimbaji wa dhahabu wa Macalder walikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi aliiheshimu: shimo haliingiwi kabla ya taa. Jioni walirundika kuni chini kabisa na kuziwasha, mwamba upate joto upasuke. Asubuhi walifunga koroboi kwenye kamba wakaishusha ikiwaka. Ikizimika, hewa ni mbaya, mtu akae. Isipozimika, ashuke.

Asubuhi ile ya mwaka 1967 taa haikuzimika. Javan akashuka. Mkewe Rispa, aliyeinama mdomoni mwa shimo ameshika kamba, alisikia nyundo ikigonga mara nane. Ya tisa haikuja.

Kufikia saa tano Javan alikuwa kitandani katika hospitali moja ya Homa Bay, baada ya kuletwa na pikapu ya mchuuzi wa samaki. Alikuwa hai, lakini hajitambui. Kando yake ulisimama mtungi wa chuma wa oksijeni. Hewa yake ilipita kwenye chupa ya maji ikitoa mapovu, kisha ikafuata mpira hadi kwenye kifuniko kilichomfunika pua na mdomo. Mkanda wa kifuniko ulikuwa umekatika.

“Kibane kwa mkono, hivi,” Bwana Masese, msaidizi wa daktari, alimwambia Rispa. “Kisivuje. Mapovu yakikoma, niite. Na usikitoe hata akikutukana.”

“Huyu hajui kutukana.”

“Wote hawajui, mpaka tuwafunike pua.”

Rispa alikuwa ameacha shule darasa la nne, lakini macho yake hayakuacha. Aliyatazama mapovu, akazitazama kucha za mumewe, akautazama mlango.

Saa nane mlangoni akatokea mama mkwe wake, Phelesia, na nyuma yake shemeji yake Cephas na jirani mmoja, wamebeba machela ya magunia. Phelesia aliukagua mtungi toka juu mpaka chini.

“Chuma hiki huwekewa mtu anayekufa. Nyakarungu,” alimwita Rispa kwa jina la kwao, “taa ilizimika?”

“Haikuzimika, Mama.”

“Uliiangalia vizuri?”

“Sikuiondolea macho.”

“Basi hewa ilikuwa nzuri. Na kama ilikuwa nzuri, hewa ya chuma inatibu nini? Mwanangu amerogwa. Cephas, inua, tumpeleke nyumbani kwa mganga.”

Masese alikuja mbio. “Mama, ukimtoa sasa atafia njiani. Moshi huu hauzimi taa.”

“Wewe ulishawahi kushuka shimo gani?”

“Mimi Mkisii, Mama. Sisi hupanda milima, hatushuki mashimo.”

Phelesia hakucheka. Cephas akashika miguu ya kaka yake.

Tangu aolewe Rispa hakuwahi kumbishia mama mkwe, hata kuhusu chumvi ya mboga. Sasa mkono mmoja umeshika kifuniko, na macho ameyainamisha chini kwa adabu, alisema: “Mama, hata mimi kichwa kiliniuma. Mpaka tulipofika Rodi, njiani kuja huku, ndipo nikapata nafuu. Mimi nani angeniroga? Nina nini cha kuonewa wivu?”

“Una mume,” alijibu Phelesia.

“Na Cephas, aliyeshuka kumtoa? Muulize kama hakutapika.”

Wote wakamgeukia Cephas. Akaiachia miguu ya Javan, akajikuna shingo. “Nilitapika, Mama. Lakini nilidhani ni chang’aa ya jana.”

“Mchawi gani huyo, Mama,” Rispa aliuliza taratibu, “anayeroga kila aliyeinama kwenye shimo moja?”

Masese akapata mwanya. Moshi wa kuni zilizokosa hewa, alisema, huingia kwenye damu ukakalia kiti cha hewa nzuri, kama mgeni asiyejua kuaga. “Nimesoma kwamba ng’ambo wana chumba cha chuma kama tangi kubwa. Mgonjwa hufungiwa humo, wakamshindilia oksijeni kwa nguvu, na mgeni huyo hutoka upesi. Hapa hatuna chumba hicho. Tunamfukuza polepole kwa mtungi na mkono wa mkewe.”

“Mpaka lini?”

“Labda mpaka kesho.”

Phelesia akatandaza machela sakafuni, akaikalia. “Nangoja mpaka jua lizame. Likizama hajaamka, namchukua.”

Saa kumi na moja Javan akafumbua macho. Akausukuma mkono wa Rispa. “Niondolee takataka hii, mwanamke mjinga!”

Phelesia alipiga vigelegele mpaka wodi nzima ikaamka. “Amepona! Mwondolee hicho kitu, twende!”

Rispa alikuwa amemwona Javan akijaribu kufunga kifungo cha shati mara tatu, kikimponyoka. Akachana ukanda wa leso yake, akampa. “Baba Dolphine, nifungie fundo la kamba ya shimo.”

Fundo lile Javan alilifunga kila siku huku akipiga domo. Sasa aliugeuza ukanda huku na huku, akautazama kama kitu cha mtu mwingine.

“Bado, Mama,” Rispa alisema, akakirudisha kifuniko usoni.

Phelesia alikuwa ameona. Akainuka, akanawa mikono, akaja upande wa pili wa kitanda.

“Umechoka, Nyakarungu. Nionyeshe kinavyobanwa.”

Rispa alimwonyesha. Akakaa chini, kichwa ukutani, akasinzia hapo hapo.

Jua lilizama ziwani na hakuna aliyelitaja. Cephas alikuwa amelala kwenye machela, anakoroma.

Mapambazuko yalimkuta Phelesia amelikamata fundo kwa mikono miwili, akilivuta kwa nguvu zake zote. Halikulegea.

“Amelifunga yeye,” alimwambia Rispa. “Bila kutazama. Tena ameniuliza Dolphine amekula nini.” Akalivuta tena, kuhakikisha. “Ukirudi Macalder, waambie wale wapumbavu kuwa taa yao haiujui moshi huu.”