Namba za Mama

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla sijamwaga maji ya kwanza kwenye ukumbi wa kliniki ya sukari, nilikuwa nampigia mama. Mama anaishi kwa kaka yangu, mji mwingine, safari ya siku nzima. Mimi ni mfanya usafi hapa hospitali. Mama alikuwa anajichoma kidole, anaweka tone la damu kwenye kijiti cha mashine, naisikia ikilia pii, halafu ananisomea namba. Naiandika kwenye daftari na kumpelekea nesi mkuu. Huyo wote tunamwita Sista Miwani, maana ana miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na kila saa anaitafuta ile ya kichwani.

Namba ikiwa nzuri, simu ilikuwa fupi. "Sita nukta moja." "Vizuri mama, ngoja nikafanye kazi." Imeisha hiyo. Ikiwa mbaya, naacha ndoo, nakaa kwenye ngazi za nyuma, namuuliza amekula nini, amelalaje, miguu inawaka? Ruhusa alinipa Sista mwenyewe. "Mama akiwa juu, ongea naye mpaka mtulie wote. Sakafu haiugui sukari."

Miezi miwili iliyopita namba zikaharibika. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na saba nukta tatu. Daktari alipoliona daftari akasema tumwongezee insulini. Sista akamwomba asubiri kidogo, kwa sababu wiki hiyo alikuja mtaalamu wa kuwafundisha manesi vipimo vipya.

Mtaalamu alileta vibandiko vidogo vya duara vinavyokaa nyuma ya mkono na kupima sukari mchana na usiku. Manesi wakagombania kuvishika. Akawaambia, "Msianze na mashine, anzeni na mtu. Anaona vizuri? Simu anaijua? Nani yuko naye? Na namba akishaipata, ataifanyia nini?" Mimi nilikuwa nafuta dirisha lilelile kwa mara ya tatu.

Aliacha vibandiko vichache, kila kimoja kitafutiwe mgonjwa kinayemfaa. Sista akasema mama yangu ajaribu kimoja kwa wiki mbili, huku akiendelea kujichoma kidole kama kawaida. Chake kilikuwa cha kuweka namba kimyakimya, huzioni mpaka ziingizwe kwenye kompyuta. Zikishaonekana, wataamua mambo mawili: insulini iongezwe au la, na mama apewe kibandiko cha kudumu au abaki na mashine yake.

Mama akaja, akabandikwa, akarudi kwa kaka. Wiki mbili zilipotimia akaja tena, na kitambaa kipya kichwani kama anayekwenda kupigwa picha.

Sista akaingiza namba. Kwenye kioo ukatokea mstari umelala chini, mtulivu.

"Jana saa moja na nusu, sita nukta nne," akasoma. Akafungua daftari langu. "Na hapa jana saa moja na nusu, kumi na sita. Hapa kuna mmoja ananidanganya."

Daktari akachungulia mlangoni. "Sista, saa sita naandika dawa. Kama ni kumi na sita kweli, naongeza. Kama ni sita na mimi nikaongeza, huyu mama tutamwokota chini. Niambie nishike ipi."

Sista akamnawisha mama mikono, akamchoma kidole mbele yetu. Mashine yake mwenyewe ikasema saba nukta moja. Akakiingiza tena kibandiko kwenye kompyuta: sita nukta tisa. Zinaelewana kama mapacha.

"Mama, nyumbani unanawa kabla ya kupima?"

"Nanawa," mama akasema, akaanza kufunga zipu ya mkoba uliokuwa umeshafungwa.

Nikalivuta daftari. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu na sikuwahi kulisoma. Jumapili, sita nukta mbili. Jumapili nyingine, tano nukta tisa. Jumapili zote nzuri. Jumapili mimi siingii kazini, tunaongea saa nzima hata kama namba haina neno.

Nikamshika mama mkono, nikamtoa hadi kwenye benchi la koridoni.

"Mama, Jumapili unafanya nini ambacho Jumatatu hufanyi?"

"Naenda kusali."

"Mama."

"Usinitolee macho, mimi ndiye niliyekuzaa."

Nikanyamaza. Mama yangu ukimnyamazia hawezi, lazima aseme.

"Kabla ya kupima nachovya kidole kwenye chai ya kaka yako," akasema. "Kidogo tu. Unajua anavyoimwagia sukari. Wifi yako alinikuta siku moja, akaniuliza, mama, unapima damu au unapima chai?" Akacheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni.

"Kwa nini lakini?"

"Nikiwa sita, unaniambia vizuri mama, umeshakata. Nikiwa kumi na saba, nina mtoto."

Nilitaka nikasirike, hasira zikakataa kuja. Maana asubuhi zile za kumi na saba nilikuwa naogopa kweli, lakini nilikuwa pia nakaa kwenye zile ngazi nikisikia anavyovuta pumzi, anavyosogeza kiti, nikiomba asimalize haraka. Mwaka wa tatu sasa sijalala naye nyumba moja zaidi ya siku mbili. Kuna siku nimeamka nikatamani namba iwe mbaya. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Na pale kwenye benchi mama naye sikumwambia.

"Usimwambie Sista," mama akasema. "Nitaiweka wapi sura yangu?"

"Nisiposema watakuongezea sindano."

"Waongeze. Nitaimwaga."

"Mama!"

"Haya. Lakini useme wewe. Mimi nitakuwa naangalia nje."

Tukarudi, nikasema, yeye akaangalia nje. Sista akavua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. Daktari akakaa chini. "Miaka yote hii nawauliza wagonjwa wamekunywa chai ngapi," akasema, "sijawahi kuuliza ni ya nani." Akaiacha dawa ilivyo.

Likabaki la kibandiko.

"Cha kudumu kinaunganishwa na simu," Sista akaniambia. "Kwa kaka yako simu ya intaneti ipo, na namba zitakuja kwenye yako kila baada ya dakika chache. Hata ukiwa unadeki, unamwona mama."

Moyo wangu ulikubali kabla ya mdomo. Mama mfukoni mwa aproni yangu, kutwa nzima! Nikageuka nimwambie.

"Basi nitakuwa saa ya ukutani," mama akasema, bado anaangalia nje. "Mtu anaitupia jicho, anajua, anaenda zake."

Sista akaweka kalamu chini. "Wewe ndiye utakayezipokea. Ukishaipata namba, utaifanyia nini?"

"Nitaiangalia," nikasema. "Nikiona nzuri, sitapiga."

Ilinibidi nimalizie mwenyewe. "Mpe yule mgonjwa wa hapa kliniki, yule mwalimu ambaye sukari inamshuka usingizini na hajijui. Mama anaijua yake ikishuka, anatetemeka, anakula. Sisi tuachie mashine ya kidole."

Sista akaichukua tena kalamu. Kisha akaandika jina la mwalimu kwenye fomu, na chini yake, kwenye mstari wa mama: kidole, kila asubuhi, kwa simu, na binti yake.

Jumatatu saa moja na nusu nikapiga.

"Umenawa?"

"Kwa sabuni, mpaka imekuwa povu." Pii. "Sita nukta tatu."

Ndoo ilikuwa imejaa, ukumbi wote unaningoja. "Vizuri mama" ilishafika kwenye ulimi.

"Haya, nenda kazini," akasema mbio mbio, kabla sijaitoa.

"Bado," nikasema, nikakaa kwenye ngazi. "Niambie."

Hakuwa na la kuniambia, wala mimi sikuwa na la kuuliza. Tukabaki hivyo, mimi nasikia wifi anaosha vyombo, yeye anasikia magurudumu ya vitanda, mpaka Sista akafungua mlango wa ngazi, akaniona, akaufunga tena taratibu.