Mkono wa Mama Povu

Mwarobaini unanuka jamani, tusidanganyane. Mafuta ya mbegu zake yakikugusa asubuhi, mpaka jioni watu wanakukalia mbali. Lakini kwa upele hayana mpinzani, na mtaa mzima ulijua sabuni ya mwarobaini ya Mama Povu haina mchezo.

Binti yake alikuwa ameikimbia ndoa, amerudi na begi moja na kitoto cha kike kilichojaa upele. Mama Povu alifurahi mpaka akaona haya kufurahi. Tangu awe mjane nyumba ilikuwa kimya. Sasa kuna nepi kwenye kamba, na mjukuu akimwona tu ananyoosha mikono abebwe. Aliomba jambo moja: wasiondoke tena.

Basi akampikia mjukuu sabuni. Akakoroga mafuta na ile soda kali ya sabuni, inayounguza ngozi, akamimina kwenye kalibu ya mbao, ikaganda, akakata vipande. Sabuni hukaa rafuni wiki kadhaa mpaka ukali wa soda uishe. Mwenyewe amewafokea wateja wangapi wenye haraka! Lakini mtoto alikuwa anajikuna mpaka damu, na bibi ni bibi. Akachukua kipande kibichi, akakisugua mkononi mwake kama kawaida, akangoja. Hakuwashwa.

"Umeijaribu, mama?" binti akauliza.

"Mimi? Nimeanza kujaribu sabuni wewe hujazaliwa. Haiwashi. Lete maji."

Ni kweli haikumwasha. Mkono ulioshika soda maisha yote ungewashwa na nini? Ulishakufa ganzi zamani, na mwenye mkono hakujua. Alijua povu lilipogusa mgongo wa mtoto na mtoto akapiga ukelele ambao bibi hataacha kuusikia.

Walirudi kutoka hospitali mtoto amefungwa bandeji. Daktari alisema atapona. Binti hakugombana, laiti angegombana! Alianua nepi, akazikunja, akazitia begini.

"Unarudi kwa yule? Mwanangu, yule si anakupiga!"

"Ananipiga mimi, mama. Mtoto hajawahi kumgusa."

Mama Povu akawasogelea. Akanyoosha mikono amuage mjukuu. Mtoto akaiona, akajificha shingoni mwa mama yake, akaanza kulia. Moyo ulimpasuka bibi wa watu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Sawa, ila huyu wake alikuwa na meno mawili na ndiyo kwanza ameanza kumwita bibi.

Wiki zikapita, hakuna simu. Siku moja akashusha kipande kilichobaki, akakigusa kwa ulimi, maana mkono hauamini tena. Hakikuuma hata kidogo. Kilikuwa kimeiva, laini, sabuni nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Alilia pale pale mbele ya rafu.

"Hodi, Mama Povu!" jirani akaita mlangoni. "Ile sabuni ya watoto ipo?"

Akafuta machozi kwa kiwiko. Kipande bado alikuwa amekishika.

"Ya watoto sitengenezi," akasema.